"Hu-" Isiyo na Tarehe

Mwongozo ninaouhakiki una kurasa tisa, umeandikwa kwa Kiswahili kizuri, na hupitishwa mkono kwa mkono na wanafunzi wa kompyuta hapa Gisenyi. Unafundisha kutumia perf, zana ya Linux, pamoja na Intel Processor Trace, uwezo wa prosesa kurekodi kila njia panda ambayo programu imepita. Maelezo ya njia panda hizo yananipendeza kuliko yale ya Kiingereza. Kasoro iko ukurasa wa pili: "Zana hii huhitaji idhini ya msimamizi mkuu."

Tazameni hiyo hu-. Haina nafsi, haina wakati. Jua huchomoza mashariki. (Nami nimeitumia hapo juu, na mwongozo nao una siku utakapoacha kupitishwa.) Mwandishi amechukua sharti la mashine fulani, mwaka fulani, akalisema kama habari ya jua.

Programu yangu mwenyewe, nje ya kerneli, naifuatilia bila idhini hiyo, mradi perf_event_paranoid haijapandishwa juu ya 2, thamani ya kawaida ya kerneli. Nikitaka kuingia ndani ya kerneli, tangu Linux 5.8 ya Agosti 2020 ipo CAP_PERFMON, idhini ndogo ya upimaji tu. Nyaraka za kerneli zenyewe hazishauri tena kutumia CAP_SYS_ADMIN kwa kazi hii. Debian na Ubuntu wamekaza zaidi, kweli. Basi waandikwe kwa majina yao.

Kwa sababu ya sentensi ile, nywila ya msimamizi ilibandikwa kwenye ukuta wa maabara yetu. Kila mtu akapewa ufunguo wa nyumba nzima ili atazame chumba chake mwenyewe. Mwenzangu aliyeazima kompyuta ya kaka yake, bila nywila, aliliacha zoezi.

Nilipomweleza mwandishi, alisema ataongeza tanbihi. Sikubali. Anayejifunza amri hunakili mstari, tanbihi anairuka. Pale Petite Barrière, mama anayepeleka mboga Goma humuuliza aliyevuka asubuhi ni karatasi gani inayotakiwa leo. Maabara hatuna wa kumuuliza, tuna kurasa hizi tisa.

Sentensi ifutwe. Mahali pake yaandikwe toleo la Linux na tarehe ya kujaribiwa, na kila sudo iliyotangulia amri ya perf iondolewe. Nimezihesabu: ni kumi na nne.