Kulea Wanaolea

Wengi wetu hapa Morogoro tumekulia kwenye nyumba zenye kuku, na tukianza kufuga njiwa tunaingia bandani na mazoea ya kuku. Kifaranga wa kuku hutoka kwenye yai akiwa na manyoya na macho yaliyo wazi. Siku moja haipiti anadonoa chenga na kumfuata mama yake vichakani. Mama akiliwa na kicheche, unaweza kumwekea kifaranga jiko la mkaa usiku, ukampa chakula na maji, na akakua. Kinda wa njiwa hana njia hiyo. Hutoka kipofu, ngozi yake imefunikwa na nywele chache za manjano, uzito wake haufiki gramu 20, na shingo yake haiwezi kukibeba kichwa. Ukimmwagia mtama atakufa njaa juu ya mtama. Ana wawili tu duniani wa kumlisha, baba yake na mama yake, na chochote ambacho mfugaji anataka kumfanyia kinda hakina budi kupitia kwao. Anayefuga njiwa halei makinda. Analea wazazi, na kwangu mimi huo ndio ufundi wenyewe.

Ufundi huo unapatana na Mazimbu, hapa Morogoro, ninapofugia. Kabla ya kuwa kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, hapa palikuwa shamba la mkonge, kisha kuanzia mwaka 1978 pakawa shule ya wakimbizi wa Afrika Kusini waliokuwa chini ya chama cha ukombozi cha ANC. Shule ilipewa jina la Solomon Mahlangu, kijana ambaye serikali ya makaburu ilimnyonga tarehe 6 Aprili 1979. Watu waliokuja mikono mitupu walijenga madarasa, mabweni, kituo cha kulelea watoto wadogo chenye jina la Charlotte Maxeke, na shamba la ng'ombe, nguruwe na kuku. Mwaka 1992 walirudi kwao na kutuachia vyote. Ninapoliangalia banda langu na milima ya Uluguru ikiwa nyuma yake, huwa nawaza kwamba ardhi hii imezoea kulea.

Banda lenyewe si kitu cha fahari. Ni mbao na bati, limeinuliwa juu ya nguzo kupita kimo cha mtu, na kila nguzo imevishwa bati laini ili paka na panya wateleze. Chini ya bati nafunga tambara lililoloweshwa oili chafu, kwa sababu adui ninayemwogopa kuliko mwewe ni siafu. Mwewe huchukua mmoja na kwenda zake. Siafu wakiingia usiku wa masika, asubuhi hukuti kinda hata mmoja. Mlango unatazama upande ambao mvua haipigi. Ndani kuna vyumba vyenye giza kidogo, vyenye ukingo wa mbele wa kuzuia mayai yasibingirike. Giza hilo lina sababu. Njiwa wetu wote wa nyumbani, weupe kwa madoa, wametokana na njiwa wa mwituni anayetaga kwenye mapango na kingo za majabali, na miaka elfu kadhaa ya kukaa na binadamu haijamwondolea kiu ya pango. Charles Darwin alianza kufuga njiwa mwaka 1855 ili aone jinsi aina nyingi zinavyoweza kutoka kwenye asili moja, na kitabu chake kikubwa cha mwaka 1859 kinaanza na wanyama na ndege wa kufugwa, njiwa wakipewa nafasi ya mbele. Si ajabu. Ukikaa nao utaona kwamba kila jozi ina tabia zake, na utajikuta unaziandika.

Uchumba wa njiwa ni somo, na mfugaji asiyeufuatilia hukosa dalili muhimu. Dume huvimbisha shingo, hukoroma, huzunguka akiburuta mkia. Jike humwacha azunguke weee, kisha huingiza mdomo wake ndani ya mdomo wa dume, na dume humlisha. Wapita njia wakiona husema njiwa wanabusiana. Mimi naona jike anamkagua mwenzake: je, huyu anajua kulisha? Maana siku si nyingi mdomo huohuo utategemewa na watoto wasioona. Wakishakubaliana, dume humsukuma mwenzake kuelekea chumbani, humfuata kila aendako, hamwachi hata ale vizuri, mpaka atulie kiotani. Baada ya hapo dume huleta vijiti. Kimoja kimoja. Huokota, hupima, hutupa, huokota kingine, huruka nacho na kumwekea jike miguuni, naye hukisokota chini ya kifua. Wamwagie vijiti vya mvinje, nyasi kavu na vikonyo vya majani ya mwarobaini mahali wanapoviona, kisha kaa pembeni. Usiwajengee wewe. Jozi iliyojengewa kiota na mwenye banda mara nyingi hukiacha. Na kwa sisi tunaoishi palipokuwa na mkonge, tahadhari moja: nyuzi zake zisionekane karibu na banda, kwani humviringa kinda miguuni akiwa mdogo, naye akinenepa zinamkata.

Yai la kwanza hutagwa jioni, la pili keshokutwa mchana. Katikati hapo jike husimama tu juu ya yai la kwanza bila kulitia joto, na jirani anayefuga kuku atakwambia njiwa wako amelikataa. Hajalikataa. Anasubiri la pili ili watoto wake watoke karibu pamoja, asiwepo mkubwa wa kumpora mdogo chakula. Likishatagwa la pili wanaatamia kwa zamu. Jike hulala kiotani usiku kucha mpaka asubuhi ichangamke; dume huingia mahali pake akakaa hadi alasiri. Zamu zao ni za kuaminika kiasi kwamba nikiwa shambani nikiona jike mweupe ametua juu ya bati, najua saa nne imekaribia au imepita. Siku ya tano ninashika kila yai mbele ya tochi gizani: lililo hai lina mishipa myekundu iliyotandaa kama mizizi ya mche, lisilo hai linang'aa lote. Baada ya hapo sigusi tena. Zinabaki kama siku 13 za kukaa mbali, na ni ngumu kwa mtu anayependa ndege wake. Kila ukichungulia unamwinua mzazi, na yai linapoa. Wazee husema njiwa hawakai kwenye nyumba yenye ugomvi, na mimi nawaunga mkono kwa sababu ya wazi kabisa: kelele na heka heka huwafanya wazazi waruke kutoka kwenye mayai mara kwa mara, na jozi iliyosumbuliwa hivyo huhama.

Siku ya 17 au ya 18 makinda hutoka, na hapo ndipo panapofanyika jambo ambalo limenifanya niandike haya yote. Wazazi wote wawili, baba sawa na mama, wanatoa maziwa. Yanatoka kwenye gole, ule mfuko wa chakula ulio chini ya shingo. Tangu katikati ya kuatamia kuta za gole huanza kuwa nene, na siku za mwisho chembe zake hujaa mafuta na kubanduka, zikafanya uji mzito wa rangi ya manjano mpauko unaofanana na jibini laini. Una protini na mafuta kwa wingi, hauna sukari ya maziwa tunayoijua kwenye ng'ombe, na umebeba kinga ya mwili ya wazazi. Kinda huchomeka mdomo wake ndani ya mdomo wa mzazi, naye humpandishia. Siku za mwanzo hali kingine. Kwa siku mbili hivi uzito wake unakuwa mara dufu.

Mwaka 1933 huko Marekani, Oscar Riddle na wenzake walitambua homoni inayoamsha maziwa hayo, wakaiita prolaktini. Ni homoni ileile inayoamsha maziwa kwa mama wa binadamu aliyejifungua, na kwa miaka mingi maabara zilipima nguvu yake kwa kuangalia gole la njiwa limekuwa nene kiasi gani. Ndege wenye kipaji hiki ni wachache mno. Heroe wanaozaliana kwenye magadi ya Ziwa Natron huwalisha watoto wao maji mekundu yatokayo kooni. Pengwini dume wa Antaktika anaweza kumshikiza kinda wake kwa maziwa ya namna hiyo mpaka mama arudi kutoka baharini. Na jamii yote ya njiwa, wakiwemo hua, tetere, pugi na ninga tunaowasikia wakilia kwenye miti ya Mazimbu. Nikiwaza kwamba dume wangu wa madoa, ambaye jana tu alikuwa anagombania ukingo wa bati, leo ananyonyesha, naona haya kumwita ndege tu.

Kwa sababu hiyo hakuna kiwanda cha njiwa. Mashine ya kutotolesha imewafanya kuku wa kisasa wawe maelfu kwa siku moja bila mama hata mmoja, lakini hata mashamba makubwa ya njiwa wa nyama huko nje yanawaachia wazazi kazi ya kulisha. Hakuna mtu aliyeweza kuwapita. Ukitaka makinda wengi, tafuta jozi nyingi zilizotulia, na kutulia hakununuliwi.

Mfugaji basi afanye nini? Awalishe walishaji. Wiki moja kabla ya mayai kupasuka naongeza choroko, kunde na mbaazi kwenye mtama, uwele na mahindi madogo, kwa kuwa nafaka peke yake haina protini ya kutosha kutengeneza maziwa. Naweka pia kopo la kokoto laini, maganda ya mayai yaliyochomwa na kupondwa, vumbi la tofali, mkaa na chumvi kidogo. Na maji. Njiwa hanywi kama kuku anayechota na kuinua kichwa. Hutumbukiza mdomo na kuvuta mfululizo, hivyo chombo kiwe na kina. Mzazi mwenye makinda huja kunywa kwanza, anakunywa mno, ndipo apande kulisha. Maji yakikauka saa sita mchana kipindi cha jua la Oktoba, makinda watalala na gole lililojaa punje ngumu zisizolainika.

Kuna ugonjwa unaopitia kwenye maziwa hayohayo. Kijidudu kinachokaa kooni mwa wazazi wasioonyesha dalili humfikia mtoto, na kooni mwake hutanda utando wa manjano mpaka ashindwe kumeza. Ukiuona usiubandue kwa nguvu, damu itatoka na atakufa. Mpeleke kwa daktari wa mifugo, na uwatibu wazazi pamoja naye, la sivyo kizazi kijacho kitaugua vilevile. Pia njiwa hupata mdondo wa aina yao, shingo zikapinda na kichwa kikageuka juu chini. Njiwa mgeni akae peke yake wiki kadhaa kabla ya kuchanganywa, hata kama ameletwa na shemeji. Utitiri nao uwindwe kila baada ya kizazi kimoja: viota vichomwe, vyumba vipakwe majivu na chokaa.

Siku ya nne au ya tano macho yanafunguka. Nafaka iliyolainishwa inaanza kuchanganywa na maziwa, na kufika siku ya kumi karibu chote ni nafaka. Kwa wiki mbili hizo kinda ni mbaya wa sura, mdomo mkubwa, mirija ya manyoya kama miiba, na ukimkaribia anainuka na kukugongea mdomo kwa ghadhabu. Nawapenda zaidi wakati huo. Kisha, makinda wakiwa na wiki mbili au tatu, mama huanza kutaga tena. Mwenye chumba kimoja kwa jozi moja atapata hasara hapa, maana watoto watakanyaga mayai mapya. Kila jozi ipewe vyumba viwili vilivyo jirani. Mama ahamie cha pili, na baba ndiye anayebaki na wakubwa, akiwalisha huku akishika zamu yake ya mchana juu ya mayai. Ninajua madume waliokonda kwa kazi hiyo. Huwa nawamwagia choroko zao kando, mkononi mwangu, wale kabla ya vurugu.

Mwezi mmoja ukitimia makinda wana uzito wa kukaribia wazazi wao, bado wakilia ile sauti nyembamba ya kudai, wakimfukuza baba juu ya bati mpaka achoke na kuwaonyesha, kwa kudonoa mbele yao, kwamba mtama uko chini. Watoto wa majirani huja kuomba kipindi hicho. "Shikamoo, nimekuja kuomba njiwa." Ninawapa, lakini si wakubwa. Njiwa aliyekwisha kuruka akaizunguka Mazimbu atarudi hapa hata ukimpeleka Kihonda, na mtoto atabaki na banda tupu na huzuni. Ninampa wawili wasio ndugu, waliojifunza kula wiki hii na hawajaruka mbali, pamoja na kopo la choroko, na ninamwagiza awafungie kwenye banda la wavu wanaloona nje, awazoeshe kwa kopo lilelile. Itapita karibu nusu mwaka kabla hawajakomaa. Siku watakapoanza kubeba vijiti aje kuniita, nije niangalie wanavyopokezana zamu.