Mlango wa Landrover: Nunua Fremu, Usinunue Uso

Wapo wengi wanaoamini kwamba Landrover ya zamani haishiki kutu kwa sababu bodi yake ni ya alumini. Imani hiyo ni kweli nusu. Gari hilo lilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948, Uingereza ilikuwa ingali inagawa chuma kwa mgao baada ya vita, ilhali alumini ilipatikana kwa urahisi zaidi kwa vile viwanda vya ndege vilikuwa vimepunguza kazi. Bodi ikafanywa ya alumini. Chasisi, ukuta wa mbele unaobeba bawaba na fremu za milango zilibaki za chuma. Kwa hiyo mlango wa Series II au Series III si kitu kimoja, ni viwili: fremu ya chuma, na juu yake bati la alumini lililokunjwa pembeni jinsi fundi cherehani anavyokunja upindo wa kanzu. Mlango huozea ndani ya upindo huo, mahali ambapo mnunuzi haoni. Ndiyo maana nasema kwamba anayetafuta mlango wa mtumba auchague kwa fremu yake, hata kama uso umebonyea na kuchubuka, na kwamba ule unaong'aa kwa rangi mpya ndio wa kutilia shaka kwanza.

Ushahidi uko katika namna mlango unavyokufa. Maji ya mvua na ya kuoshea gari hupita kwenye raba zilizokauka chini ya vioo vya kusukuma, yakateremka ndani na kutuama kwenye reli ya chini ya fremu. Matundu ya kutolea maji huziba kwa vumbi na matope, na barabara zetu hazina upungufu wa vyote viwili. Hapo huanza maradhi ya aina mbili kwa pamoja. Chuma kinaoza kwa kutu ya kawaida, kutoka ndani kwenda nje. Alumini nayo, ikigusana na chuma penye unyevu wa chumvi, inakuwa upande unaoliwa wa betri ndogo. Ukikwangua upindo unakuta unga mweupe, mwepesi, unaodondoka kama chokaa. Zaidi ya hayo, kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo fremu inavimba ndani ya upindo na kuufumua. Fundi wa rangi akifika wakati huo, anapiga msasa, anajaza puti, anapuliza rangi, na mlango unatoka gereji ukiwa mzuri kuliko ulivyoingia. Kazi yake si mbovu. Tatizo ni kwamba ameshughulikia bati, na ugonjwa umo kwenye fremu.

Kwa hiyo ukaguzi wa mlango wa mtumba uanzie nyuma na chini. Ondoa ubao wa ndani ikiwa bado upo. Chukua bisibisi bapa uisukume kwenye reli ya chini, hasa kwenye kona mbili: chuma kizima kinaigomea, kilichooza kinaachia magamba ya kahawia na ncha inazama. Gonga fremu kwa mpini. Penye uzima sauti ni kali, penye kutu au puti ni butu. Pitisha sumaku. Katikati ya uso, mbali na fremu, haipaswi kunasa, na ikinasa ujue kuna kiraka cha bati la chuma kilichofichwa chini ya rangi. Kwenye fremu iwe kinyume, inase kwa nguvu sawa kote. Kisha uliza gari lililong'olewa mlango huo limeishi wapi. Swali hili lina uzito kuliko mwaka wa gari. Mlango uliotoka Dodoma au Singida, hata ukiwa umegongwa, mara nyingi una fremu bora kuliko mlango ulionyooka wa gari lililozeeka Tanga, Mombasa au Unguja, ambako hewa yenyewe ina chumvi. Minada ya magari chakavu ya serikali ina faida hapa, kwa kuwa gari huuzwa likiwa zima na historia yake inaulizika. Muuzaji asiyeweza kukuambia mlango umetoka gari gani ni wa kuepukwa kwa sababu nyingine pia: spea za wizi.

Pingamizi la kwanza linaeleweka: mlango uliobonyea utahitaji kunyooshwa, na kunyoosha ni gharama. Ni kweli, lakini bati la alumini hunyooka kwa nyundo ya mbao na mfuko wa mchanga, na linaweza kuhamishwa kutoka fremu moja kwenda nyingine. Ukiwa na mlango wako wa zamani wenye uso mzuri na fremu iliyooza, pamoja na wa mtumba wenye fremu nzima na uso ulioharibika, tayari una mlango mmoja kamili. Ugumu uko kwenye kukunjua upindo. Alumini iliyokunjwa kiwandani miaka hamsini iliyopita imekuwa ngumu na hupasuka ukiilazimisha. Mafundi wa bodi wana njia ya kuilainisha. Unapaka sabuni ya mche juu ya upindo, unaupasha polepole kwa moto wa gesi mpaka sabuni igeuke kahawia iliyokolea kuelekea weusi, halafu unaacha upoe. Sabuni ndiyo kipimo, maana alumini haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka kama chuma kinavyofanya. Jicho halipati onyo lolote, na asiye na kipimo hutoboa bati katika sekunde chache. Baada ya hapo upindo unafunguliwa kidogokidogo, ukizunguka mlango mzima badala ya kumaliza upande mmoja.

Wengine watauliza kwa nini tusichomelee reli mpya palepale, bati likiwa bado mahali pake. Alumini huyeyuka karibu nyuzi 660 za Selsiasi, na chuma karibu 1,500. Anayechomelea chuma kilichogusana na bati hilo anaharibu kimoja ili aponye kingine, na hata akifaulu, sehemu ya ndani ya upindo inabaki na kutu ileile isiyofikika kwa brashi. Pingamizi zito zaidi ni la mlango mpya. Milango mipya ya gari hili bado inatengenezwa, na mwenye uwezo wa kuiagiza, kulipa usafiri na ushuru, sina la kumwambia isipokuwa akumbuke kwamba nayo ina chuma ndani na alumini nje, na ikifungwa bila kinga itafuata njia ya ile ya kwanza. Fremu ya mtumba iliyokwisha kukaa miongo kadhaa bila kuoza imeshatoa ushahidi wake.

Kinga ndiyo sehemu inayorukwa kuliko zote, labda kwa sababu haionekani mteja anapokuja kuchukua gari. Fremu ipigwe brashi ya waya mpaka chuma kitupu, ipakwe rangi ya msingi yenye zinki ndani na nje, kisha rangi ya kawaida. Kabla ya kukunja upindo, kati ya chuma na alumini kuwe na kitu kisichopitisha umeme: utepe mwembamba au gundi ya kuzibia inayobaki laini. Metali zisipogusana, betri inakosa njia. Kwa sababu hiyohiyo bolti za chuma cha pua, ambazo wengi huziona ndizo bora, hazifai kufungwa moja kwa moja kwenye alumini, kwa kuwa huongeza kasi ya kuliwa kwake. Zilizopakwa zinki zinatosha. Ndani ya reli ipulizwe nta. Oili chafu ya injini, dawa inayopendwa sana kwenye gereji nyingi, huzuia kutu kwa muda lakini hudondoka, hukusanya vumbi na kuvimbisha raba.

Kufunga mlango wenyewe kuna habari njema. Milango ya mbele ya Landrover fupi (88) na ndefu (109) ni ileile, na miili ya milango ya Series II, IIA na III inalingana kwa sehemu kubwa. Vitasa ndivyo vilivyobadilika, kwa hiyo hamisha kitasa chako pamoja na kishikio chake cha kwenye nguzo. Sehemu ya juu yenye vioo imefungwa kwa nati na inang'oka peke yake, hivyo ikiwa yako ni nzima huna haja ya kununua nyingine. Bawaba zifungwe kwanza bila kukazwa, mlango uegemezwe mpaka mwanya uwe sawa juu na chini, ndipo spana ikaze. Mwanya ukikataa kulingana, usilaumu mlango haraka. Sukuma bisibisi ileile kwenye nguzo ya ukuta wa mbele, chini ya bawaba ya chini. Ikizama, mlango usubiri, maana kazi iliyobaki ni ya ukuta.