Miaka ya Nyasi za Ngorongoro, Nimeifungua Buswelu

Jamani, hiki kitu ni moto! Niko Buswelu, laptopu ya kawaida, bando la kawaida, na mbele yangu zimejipanga nyasi za nyanda za juu za Ngorongoro, masika kwa kiangazi, tangu mwaka 2000. Programu inaitwa Google Earth Engine, na kwa masomo au utafiti usio wa biashara hulipi hata senti.

Kilichonipagawisha ni ghala lake. Satelaiti za Landsat zinaipiga dunia picha tangu 1972, na Marekani iliwafungulia watu wote hazina hiyo bure mwaka 2008. Sentinel-2 ya kwanza ya Ulaya ilirushwa 2015. Inaonyesha vipande vya mita 10 kwa 10! Kifaa kingine cha angani, MODIS, vipande vyake ni vikubwa, mita 250, lakini hupita karibu kila siku. Milimani ambako mawingu hayabanduki, hiyo ndiyo mkombozi.

Inafanyaje kazi? Jani bichi hunyonya mwanga mwekundu na kurudisha kwa wingi infraredi tusiyoiona kwa macho. Hesabu ya tofauti kati ya mianga hiyo miwili inaitwa NDVI: nyasi zikistawi inapanda, zikikauka inashuka. Unachora mpaka wa eneo, unaandika mistari michache ya msimbo, unabonyeza. Kazi nzito inafanywa na kompyuta za Google huko huko. Kwako inarudi grafu, na bando linabaki salama.

Na grafu yenyewe, aisee! Masika inapanda, kiangazi inashuka, mwaka baada ya mwaka. Hamia Longido na Monduli, tazama 2009, mwaka wa ukame uliomaliza mifugo: uone mstari ulivyodidimia. Hasara ambayo wazee husimulia, sasa ina kipimo.

Kasoro zipo. Picha za Landsat za miaka ya 1980 na 1990 kwa upande wetu zina mapengo. Kubwa zaidi, si kila kijani ni malisho. Kreta ya Ngorongoro ina magugu kama Bidens schimperi na Gutenbergia cordifolia, na satelaiti huyahesabu pamoja na nyasi tamu. Kwa hiyo grafu isomwe pamoja na mfugaji wa Kimasai anayejua ng'ombe wake anakula nini na anaacha nini. Wawili hao wakikaa pamoja, hakuna cha kuwashinda!

Na huku kwetu, sisi Wasukuma tuna ngitili, malisho tunayoyatenga kwa ajili ya kiangazi. Sasa tunaweza kupima, mwaka kwa mwaka, kama ndani ya ngitili kumestawi kuliko nje. Maafisa mifugo, walimu wa jiografia, vijana wa vyuo: fungueni akaunti wiki hii, chukueni mpaka wa ngitili moja ya kijijini kwenu, mwanze nayo.