Kabla ya Nabahani, Pate ilikuwa na wenyewe

MWEZI uliopita mwanafunzi wangu wa uzamili, mzaliwa wa kijiji cha Pate katika Kaunti ya Lamu, aliingia ofisini mwangu akiwa na kitabu mkononi na hasira usoni. Alikuwa amemsindikiza ndugu yake mdogo kwenda kutafuta kitambulisho. Karani akamwuliza kijana asili yake ni wapi. Akajibu, Pate. Karani akasema, "Hapo ni pale ulipozaliwa. Mimi nakuuliza asili."

Kitabu alichokishika kilikuwa cha shule. Alinifungulia ukurasa uliosema kwamba mji wa Pate uliasisiwa na Waarabu wa ukoo wa Nabahani kutoka Oman mnamo 1203. "Prof," akaniambia, "ikiwa tunawafundisha watoto kuwa mji wetu umejengwa na wageni, karani huyo ana kosa gani?"

Sikuwa na jibu la haraka, na sababu yake ni ya aibu kidogo. Tarehe hiyo hiyo nimeifundisha mimi mwenyewe kwa miaka mingi. Imo katika maandalio yangu ya somo la historia ya ushairi wa Kiswahili, pale juu kabisa, kabla hatujafika kwa Mwengo wa Athumani na Utendi wa Tambuka. Niliiweka kwa sababu walionitangulia waliiweka, nao waliikuta kwa wengine. Basi juma hilo nilirudi kwenye chanzo, nikakisoma tena polepole kama ninavyowataka wanafunzi wasome. Nimegundua kwamba chanzo chenyewe hakisemi kile tunachodai kinasema.

Chanzo ninachokitaja ni Habari za Pate, tarehe ya wafalme wa Kinabahani iliyohifadhiwa kwa Kiswahili. Wengi tunaijua kutokana na kauli ya Bwana Kitini, mzee wa ukoo huo huo, aliyewasimulia wageni waliomwendea mwanzoni mwa karne ya 20. Stigand aliichapisha kwa Kiingereza mwaka 1913, na Alice Werner akafuatia muda mfupi baadaye na matini ya Kiswahili pamoja na tafsiri. Nakala nyingine zimekusanywa na Marina Tolmacheva katika kitabu chake cha mwaka 1993. Inasemekana kitabu cha awali kilipotea Witu mwaka 1890, Waingereza walipoushambulia mji huo. Kwa hiyo tulicho nacho ni kumbukumbu ya ukoo ulioupoteza ufalme wake Pate, ukahamia bara, ukaupoteza tena huko. Mtu anayesimulia katika hali hiyo ana jambo la kuthibitisha. Hilo si kosa, lakini msomaji sharti alijue kabla ya kuanza kunakili tarehe.

Sasa tuitazame hiyo tarehe. Simulizi linasema kwamba Seleman bin Seleman bin Mudhafar, Mnabahani, alikuwa mfalme Uarabuni, akaondolewa na Wayaarubi, akaja Pate mwaka 600 wa Hijria akiwa na watu, vyombo na mali nyingi. Mwaka 600 ndiyo hiyo 1203 au 1204 yetu. Lakini hebu tuulize Oman. Wanabahani walitawala sehemu kubwa ya Oman ya bara, makao yao makuu yakiwa Bahla, tangu mwaka 1154. Mwaka 1203 walikuwa bado wamekaa barabara. Wayaarubi walishika hatamu mwaka 1624. Yaani mkimbizi wetu anakimbia maadui ambao watatokea baada ya karne nne! Isitoshe, mmoja wa watawala wa mwisho wa Kinabahani huko Bahla alikuwa na jina linalokaribiana mno na la huyu Seleman wa Mudhafar.

Neville Chittick aliliona tatizo hili, na katika makala yake ya mwaka 1969 kuhusu historia ya Pate akashikilia kwamba Wanabahani walifika baadaye sana kuliko inavyodaiwa, na kwamba mji wenyewe haukuwa na uzito wowote katika karne hizo za mwanzo. Katika hoja ya kwanza nadhani yuko sahihi. Katika ya pili alikwenda mbio. Uchimbaji wa Thomas Wilson na Athman Lali Omar, uliochapishwa mwaka 1997, ulionyesha kwamba watu walikuwa wakiishi Pate mapema kuliko alivyokadiria Chittick. Na mwendo mfupi kutoka hapo, katika kisiwa hicho hicho, Mark Horton alifukua Shanga, akakuta msikiti juu ya msikiti, wa chini kabisa ukiwa wa miti, wa karne ya nane. Shanga ulihamwa mwanzoni mwa karne ya 15. Kwa hiyo kisiwa cha Pate kilikuwa na Waislamu wake na misikiti yao miaka mia nne kabla ya tarehe ambayo vitabu vyetu vinaiita mwanzo.

Lakini mimi si mwanaakiolojia. Kazi yangu ni matini, na humo ndimo nilimopata lililonishangaza zaidi. Seleman anapofika, Pate haiko tupu. Ina mfalme, Mbatawi, na ina watu wake. Mgeni anapeleka zawadi kwa mfalme na kwa wakubwa wa mji. Kisha anaposa. Mfalme anamwoza binti yake. Fungate inapita, siku saba, na bwana harusi anapokwenda kumwamkia mkwewe, mzee anamwachia ufalme.

Ndugu msomaji, umeliona hilo? Matini inayotumiwa kuthibitisha kwamba Nabahani waliasisi Pate inaanza kwa kutuambia kwamba Pate ilikuwa na mwenyewe. Hakuna vita wala ukuta unaojengwa mahali pasipo na watu. Kuna posa. Aliyeandika kitabu cha shule alisoma jina na mwaka, akaiacha sentensi yenye harusi.

Na harusi yenyewe yahitaji kusomwa na mtu anayezijua nyumba za visiwa vile. Katika familia kubwa za Pate na Lamu desturi ilikuwa kwamba nyumba ni ya binti. Baba humjengea au humgawia bintiye sehemu ya nyumba, na mume ndiye anayehamia. Nilipokwenda Pate mara ya kwanza, tuliteremka Mtangawanda tukatembea kwa miguu hadi kijijini, na bibi aliyetukaribisha alinionyesha ukuta wenye zidaka akaniambia ni wa mama wa mama yake. Mumewe alikuwa ameketi hapo hapo, kimya, akitabasamu. Yule bibi alisema muyi, si mji. Ndia, si njia. Nami nikawa ninaandika maneno yake daftarini nikidhani nimekuja kufanya utafiti wa lahaja tu. Sikujua kwamba alikuwa ananipa ufunguo wa Habari za Pate.

Kwa desturi hiyo, Seleman hakuuchukua ufalme. Aliingia katika nyumba ya mkewe, na ufalme ulikuwa humo ndani. Watoto wake wana nasaba ya baba wanayojivunia mbele ya watu, lakini haki ya kukaa Pate imetoka kwa mama. Msimulizi wa Kinabahani alilijua hilo, ndiyo maana hakuthubutu kuiruka harusi, ingawa ingalikuwa rahisi zaidi kwake kusema kwamba babu yake aliupiga mji akaushinda. Alihitaji binti wa Kibatawi ili dai lake lisimame.

Hapo ndipo lawama yangu kwa matini inapoanza. Binti huyo hana jina. Katika nakala nilizozisoma tunaambiwa jina la mgeni, la baba yake, la babu yake na ya ndugu zake wawili. Mwanamke ambaye bila yeye pasingekuwa na ukoo wa kusimuliwa anaitwa binti wa mfalme, basi. Baba yake naye hana jina; ni Mbatawi. Kwa mhakiki kimya cha namna hii ni ushahidi kama maneno yalivyo ushahidi. Huwezi kumtegemea mtu na papo hapo ukataka asikumbukwe, ila pawe na deni.

Deni hilo linajitokeza kwingine. Tazama majina ya wafalme wenyewe. Baada ya vizazi kadhaa hatukutani na akina Seleman peke yao. Tunakutana na Fumo Madi, Fumo Luti, Bwana Mkuu, Bwana Tamu. Fumo si neno la Oman. Ni cheo cha kale cha Waswahili, ndicho alichokuwa nacho Liyongo, na jamaa zake wamo katika lugha za Kibantu kutoka Unyanja, ambako chifu ni mfumu, hadi Kongo. Neno hilo hilo katika Kiswahili cha zamani lina maana ya mkuki. Ukoo uliotaka kujulikana kwa asili ya ng'ambo ulitawala kwa cheo ulichokikuta nyumbani kwa mke.

Kisha kuna kisa cha Mwana Darini, ambacho kwangu ndicho kilele cha tarehe nzima. Mumewe ameuawa. Mwanawe amefika umri wa kutahiriwa, naye anataka sherehe inayolingana na hadhi ya mtoto. Anaomba siwa ya mji, ile baragumu ambayo bila kupulizwa kwake sherehe ya watu wa daraja hiyo si sherehe. Sultani anamnyima. Sasa angefanya nini mwanamke wa kawaida katika simulizi la wafalme? Angelia. Mwana Darini anamwita fundi, Mwenyi Bayayi, anamwagiza achonge siwa mpya ya pembe ya ndovu itakayoishinda ile ya zamani kwa uzuri. Inachongwa. Inapulizwa. Mtoto anatahiriwa kwa heshima, na baadaye anakuja kuwa sultani.

Nakipenda kisa hiki kwa sababu msimulizi amejisahau. Kwa kurasa kadhaa alikuwa akihesabu wafalme kama mtu anayehesabu mbuzi: fulani alitawala miaka kadhaa, akafa, akaacha watoto kadhaa, akafuata nduguye. Akifika kwa Mwana Darini anapunguza mwendo, jina la fundi analikumbuka, sababu ya ugomvi anaieleza. Hapo ndipo orodha inapokuwa fasihi. Na siwa ya pembe ya Pate haikubaki katika maneno tu. Imo katika makumbusho ya Lamu, ukienda utaiona.

Sitaki nieleweke vibaya. Wapo wenzangu ambao wakisikia habari za Waarabu na Washirazi katika tarehe zetu huzitupa jalalani zote, wakisema ni uzushi wa watu waliotaka utukufu wa kigeni. Siwafuati. Wanabahani walikuwepo Pate, walitawala, na katika baraza yao, katika Yumbe ya Pate, Kiswahili kiliandikwa kwa hati za Kiarabu kikafikia upeo ambao hadi leo hatujaumaliza kuusoma. Utendi wa Tambuka, wenye nakala ya mwaka 1728, ulitungwa kwa amri ya sultani wa huko. Al-Inkishafi inaulilia mji huo huo ulipokuwa umeporomoka. Hata runinga, neno unalolisoma gazetini kila siku, tunamshukuru mtu aliyelibeba jina la ukoo huo, marehemu Sheikh Ahmed Sheikh Nabhany wa Lamu, aliyefariki mwaka 2017. Mnabahani gani aliyekuwa Mswahili kuliko yeye?

Ninachokipinga ni usomaji wa kivivu. Stigand na wenzake walikuja wakiwa wameshaamini kwamba mawe na maandishi hayawezi kuwa ya Mwafrika, wakachukua kutoka Habari za Pate kile kilichowaridhisha. Sisi tuliorithi vyuo baada yao tukabadilisha mambo mengi, lakini ile sentensi ya 1203 tukaiacha ilivyo kwa sababu ilikuwa fupi na ilifaa katika mtihani. Sentensi fupi ya mtihani ikatoka darasani ikaenda mpaka kwenye dirisha la karani.

Nenda Pate leo utakuta kijiji cha watu wachache kilichobanwa na magofu ya mji mkubwa. Watu wanapanda tumbaku katikati ya kuta za wafalme. Wageni hupiga picha za kuta, mara chache hupiga za tumbaku. Wanaolima pale hawaitwi Nabahani wote, na wala hawakuhama Simba na jamaa zake walipohamia Witu. Walibaki. Kwa tarehe iliyoandikwa wao hawana ukurasa, kama vile yule mfalme wa Kibatawi na bintiye wasivyo na majina.

Mwanafunzi wangu amebadilisha mada ya tasnifu yake. Alikuwa ameandika pendekezo kuhusu tamathali katika tenzi. Sasa anataka kukusanya masimulizi ya akina mama wa Pate kuhusu nyumba: nani alimrithisha nani, na ukuta upi ni wa nani. Ameniuliza kama akimpata bibi mmoja anayelijua jina la yule binti, chuo kitalikubali jina hilo ingawa halimo katika maandishi. Nimemwambia alete jina kwanza. Kitambulisho cha mdogo wake hakijatoka. Nami nimeifuta tarehe ile katika maandalio yangu, na mahali pake, kwa sasa, nimeandika harusi.