Kutoka Mchanga wa Kakuma hadi Rio

Wachezaji wa gofu waliofika jangwani waliamua kuibadilisha ardhi. Maskati, kabla ya viwanja vya nyasi, walitembea na kipande cha zulia la nyasi bandia, wakauweka mpira juu yake kila walipotaka kuupiga. Karibu na shimo mchanga ulichanganywa na mafuta, ukafagiliwa hadi ukawa laini. Dubai ikaenda mbali zaidi. Mwaka 1988 Emirates Golf Club ilifungua uwanja wa nyasi halisi, unaonyweshwa maji ya bahari yaliyotolewa chumvi. Mwenye fedha anaweza kulisogeza jangwa pembeni.

Kakuma hakuna aliyeweza kulisogeza. Kambi hiyo ya wakimbizi, iliyoanzishwa mwaka 1992 kaskazini-magharibi mwa mji wa Lodwar, Turkana, nchini Kenya, imekaa kando ya Tarach, laga linalojaa mvua ikinyesha na kubaki mchanga mtupu miezi mingine. Mchana joto hupita nyuzi 35 kwa urahisi. Kukimbia kwenye mchanga tifutifu hula nguvu zaidi ya mara moja na nusu ya zile zinazotumika kwenye ardhi ngumu, na miiba ya vichaka vya mathenge haimwonei huruma asiye na viatu. Hapo ndipo taasisi ya mkimbiaji Tegla Loroupe ilipoendesha mchujo wa mwaka 2015, ikitafuta wanariadha ambao wangeweza kufika Michezo ya Olimpiki.

Jambo la kwanza la kuchambua ni mchujo wenyewe. Rose Nathike Lokonyen alikimbia kilomita 10 peku akashika nafasi ya pili, na mwaka uliofuata akashindana Rio katika mita 800. Mbio hizo ni mbili tofauti kabisa. Kilomita 10 katika joto la Turkana zinapima uwezo wa mwili kujipoza. Mita 800 zinadai kasi ya kuzunguka uwanja mara mbili mtu akiwa karibu na ukomo wake. Paul Ereng, Mturkana aliyeipatia Kenya dhahabu ya mita 800 Seoul mwaka 1988 kwa dakika 1:43.45, alitokea mita 400. Alikuja na kasi tayari, akaongeza pumzi. Lakini kwa haki, kambini hapakuwa na uwanja wa kupimia mita 400. Mbio ndefu ndizo zilizowezekana, nazo angalau zilionyesha nani hakati tamaa.

Joto lenyewe linaeleweka vibaya. Wengi hudhani linamshinda mkimbiaji siku ya mashindano, kumbe kwa mbio za dakika mbili mwili haupati hata nafasi ya kuchemka. Madhara yake yako mazoezini. Sehemu kubwa ya nishati ya misuli hugeuka joto, na damu inayopaswa kwenda miguuni hugawanywa, nyingine ikikimbilia kwenye ngozi ili joto litoke. Hewa kavu na upepo wa Turkana hulikausha jasho upesi kuliko hewa nzito ya Mombasa, na hilo ni jema, ila maji yaliyotoka lazima yarudishwe, na kambini maji ni ya kupimiana. Mwili huzoea joto kwa takriban wiki mbili. Waliokaa miaka kumi walishazoea zamani. Walichokosa ni wingi wa mazoezi ya kasi. Kila mzunguko unaorudiwa juani hupoteza sekunde, mpaka kocha anajikuta anafundisha watu kukimbia polepole. Yiech Pur Biel, mkimbiaji mwingine wa kambini, alieleza hivyo hivyo: jua kali tangu asubuhi hadi jioni, wala viatu hakuna.

Dawa ilikuwa kuhama. Waliochaguliwa walipelekwa Ngong, karibu na Nairobi, kwenye mwinuko wa takriban mita 2,000 na asubuhi za baridi. Huko waliweza kurudia mizunguko ya kasi bila kuunguzwa, na hewa nyepesi ikausukuma mwili kuongeza chembe nyekundu za damu. Kakuma iko mita 600 hivi tu juu ya usawa wa bahari, haina faida hiyo.

Agosti 2016, kati ya wanamichezo 10 wa timu ya kwanza ya wakimbizi, watano walikuwa wa Kakuma. Hakuna hata mmoja wa hao watano aliyevuka raundi ya kwanza. Rose, aliyebeba bendera, alitumia 2:16.64. Biel, naye mita 800, 1:54.67. James Nyang Chiengjiek alimaliza mita 400 kwa 52.89, Paulo Amotun Lokoro mita 1,500 kwa 4:03.96, na Anjelina Nadai Lohalith 4:47.38. Ni nyakati za chini, na kuzipamba hakuna maana. Tangu mchujo hadi Rio hapakuwa na muda wa kumjenga mwanariadha.

Miaka mitano baadaye, Tokyo, kazi ya Ngong ikaonekana kwenye saa. Rose alishuka hadi 2:11.87, Anjelina hadi 4:31.65, Paulo hadi 3:51.78. Sekunde 12 kwenye mita 1,500 si mchezo. Huyo si mkimbiaji yule wa Rio. Chiengjiek alihamia mita 800 akaanguka mbioni, kwa hiyo muda wake wa 2:02.04 hautuambii lolote.

Paris 2024 alikuja Perina Lokure Nakang, aliyekulia Kakuma na kunolewa nyanda za juu. Mita 800 alizimaliza kwa 2:08.20, zaidi ya sekunde tatu chini ya muda wa Rose wa Tokyo. Gharama ya njia hii haionekani kwenye ubao wa matokeo: mkimbizi anahitaji kibali kutoka nje ya kambi. Dubai walilipia maji. Kakuma, kocha huanza na karatasi ya kusafiria, na kipaji kisichopata karatasi hiyo hubaki kikikimbia kwenye mchanga wa Tarach alfajiri, kabla jua halijapanda.