Riwaya isiyozungumzia vita na jeshi lililoikataza

UHAKIKI wetu wa fasihi una mazoea mabaya yanayonikera. Mwanafunzi wa uzamili akipewa riwaya isiyotaja ufisadi wala uchaguzi, huja na hukumu mapema: ati haina maudhui mazito, ni visa vya harusi na mavazi tu. Mhakiki wa aina hiyo ningependa azingatie yaliyoipata Sasameyuki, riwaya ya Mjapani Jun'ichiro Tanizaki, ambayo wengi wetu tumeisoma katika tafsiri ya Kiingereza ya Edward Seidensticker, The Makioka Sisters.

Ukiisimulia haraka, hadithi yenyewe ni nyepesi kama pamba. Kuna dada wanne wa ukoo wa wafanyabiashara wa Osaka ambao mali yao inaisha. Yukiko, wa tatu, hajapata mume na umri unasonga. Washenga wanakuja, wanaondoka. Kila mwaka familia inakwenda Kyoto kutazama maua ya mti wa cheri. Kuna mafuriko, kuna magonjwa, kuna kimono za kuchagua. Vita dhidi ya China, vilivyopamba moto 1937, vinasikika kwa mbali kama redio ya jirani.

Jarida la Chuo Koron lilichapisha sehemu mbili, Januari na Machi 1943, kisha basi. Jeshi lilikuja juu: vipi wasomaji wapewe maisha laini ya wanawake wakati taifa limo vitani?

Hebu tuiangalie Japani ya wakati huo. Tangu 1938 ilikuwa na sheria ya uhamasishaji iliyoiruhusu serikali kuelekeza watu, viwanda na bidhaa kwenye vita. Mwaka wa 1940 kumbi za dansi zilifungwa, vitu vya anasa vikawekewa mipaka, na mabango ya Tokyo yakatangaza kwamba anasa ni adui. Mchele ukawa wa mgao. Kengele za mahekalu zikayeyushwa.

Lugha nayo haikusazwa. Mwaka wa 1943 takribani nyimbo 1,000 za Kimarekani na Kiingereza zilipigwa marufuku, na ligi ya besiboli ikaacha istilahi za Kiingereza. Mwamuzi aliyezoea kuita "straiki" sasa akaita "yoshi", yaani vyema. Mchezo ulibaki uleule wa Wamarekani. Ulimi ndio uliovalishwa sare. (Wenzangu wanaodhani istilahi hukita mizizi kwa amri, mna la kutafakari hapo.)

Katika nchi kama hiyo, kurasa kadhaa kuhusu mwanamke anayechagua ukanda wa kimono si jambo dogo. Tanizaki hasemi vita ni vibaya. Anaonyesha tu, kwa subira ya ajabu, kwamba watu hawa walikuwa na maisha ambayo hayakuwa mali ya serikali. Wakaguzi wa jeshi walilitambua hilo upesi. Jamani, kwa ubaya wao wote, walikuwa wasomaji makini kuliko mwanafunzi wangu!

Hata hivyo, sitaki kumvisha Tanizaki taji la ushujaa. Ukimya wake unanisumbua. Hadithi inaanza 1936 na kuishia 1941. Katikati yake, Desemba 1937, jeshi la Japani lilifanya mauaji ya halaiki Nanjing. Mbinu ileile inayoyapa maisha ya Osaka hadhi inawafuta kabisa Wachina hao. Mtu anaweza kusema dada hawa hawakujua. Sawa, lakini mwandishi aliendelea kuandika hata baada ya vita kwisha, na bado hakufungua dirisha hilo.

Mwaka wa 1944 alichapisha juzuu ya kwanza kwa siri, akawagawia marafiki, akaonywa asiendelee. Chuo Koron lenyewe likafungwa kwa amri mwaka huohuo. Riwaya ilikamilika 1948. Inaishia kwenye garimoshi la kwenda Tokyo, Aprili 1941, Yukiko akienda kuolewa. Pearl Harbor imebakiza miezi minane, lakini msomaji anaachwa ndani ya behewa na bibi harusi anayeharisha.