Chuo cha Uchawi Kisichoonekana

Evelyn Waugh, Mwingereza, alitoa mwaka 1931 kitabu cha safari zake, Remote People. Humo Pemba yetu aifanya chuo cha uchawi: wanafunzi, asema, hutoka hata pande za maziwa makuu, na yasemekana hata Haiti. Nani asemaye? Kisha aongeza kuwa Wazungu hufichwa mambo hayo. Hapo ndipo tumkatalipo, maana kutoonekana kwa jambo amekufanya ushahidi wake. Waganga tunao, na waogopao wachawi tunao. Lakini chuo ni neno jingine, chataka waalimu na mahali. Kalamu yake ni nzuri mno, ndiyo sababu husadikiwa. Nasi watu wa Kiuyu tukikana, twaficha, tukinyamaza, tumekiri.